Warsha ya Dakika 90: Ninavyowaandalia Mafunzo Walimu wa Kiingereza Huku Japani

Warsha yangu ya kwanza Japani niliifungua kwa swali: "Nani aanze?" Walimu ishirini na wanane wakainamisha macho kwenye meza zao. Nikahesabu sekunde kimoyomoyo, nikafika kumi na tano, jasho likanitoka, nikajijibu mwenyewe. Nikaendelea kujijibu hivyo kwa saa moja na nusu. Mimi nimekulia kwenye darasa ambalo mwalimu akiuliza, mikono inapaa yote na kelele za "mwalimu, mimi! mimi!" hazikatiki. Kwa hiyo ukimya ule niliusoma vibaya, nikadhani wamenichoka. Nilipomaliza, nikiwa nakunja waya wa projekta, walianza kunijia mmoja mmoja. Walikuwa watano. Kila mmoja alikuwa na swali la maana, na kila mmoja alianza kwa kuniomba radhi kwamba ananichelewesha.

Tangu hapo nimeandaa warsha kumi na moja, nyingi mkoani Okayama ninakoishi. Haya ninamwandikia Mswahili mwenzangu anayefundisha huku, ambaye ameombwa "awape walimu semina kidogo" na hajui ashike wapi.

Kwanza, ni walimu gani?

Mwalimu wa Kiingereza wa Japani si mtu mmoja, na warsha nyingi hufa kwa sababu mwandaaji hakujua hilo.

Yupo mwalimu wa darasa wa shule ya msingi. Huyu anafundisha hesabu, sayansi, Kijapani na michezo, na mchana anakula chakula cha shule pamoja na watoto wake darasani. Mwaka 2011 wizara ilimwongezea shughuli za lugha ya kigeni katika darasa la tano na la sita. Aprili 2020 zikageuka somo kamili lenye alama: vipindi 70 kwa mwaka, kila kimoja dakika 45. Shughuli zile za kuimba na kucheza zikashushwa darasa la tatu na la nne, vipindi 35. Wengi wao chuoni hawakusomea kufundisha Kiingereza. Mtu wa namna hii hahitaji nadharia kutoka kwako. Ana hofu moja kubwa, hata kama hataitamka: kwamba matamshi yake yatasikika mbele ya mgeni.

Mwalimu wa shule ya kati ni mwingine kabisa. Ana leseni ya somo na sarufi anaijua kukuzidi. Ana vipindi 140 kwa mwaka vya dakika 50. Mtaala ulioanza kwake mwaka 2021 unamtaka afundishe maneno mapya kati ya 1,600 na 1,800, juu ya yale 600 hadi 700 ambayo mtoto anatakiwa kuja nayo kutoka msingi. Darasani ana vijana wanaokaribia arobaini, mtihani wa kuingia sekondari ya juu unamsubiri, na jioni anasimamia klabu ya tenisi. Huyu njaa yake ni muda. Ukimletea mchezo wa dakika thelathini, atautazama kwa adabu na hautafika darasani kwake.

Wa tatu ni walimu wasaidizi wa lugha, ambao huku kila mtu anawaita ALT. Wengine wameletwa na mpango wa serikali wa JET, ulioanza mwaka 1987, wengine wameajiriwa na kampuni za kupangisha walimu, wengine na bodi ya elimu yenyewe. Njaa yao ni moja: nifanye nini mwalimu wa darasa akiniambia mpango wa kipindi tukiwa kwenye ngazi, kengele inalia?

Kwa mara ya kwanza usiwachanganye hawa. Nilipowachanganya, ALT ndio waliosema muda wote, na wenyeji wakaandika. Ukilazimika kuwachanganya, chagua mada inayowahusu wote, kwa mfano mtoto anapovuka kutoka darasa la sita kwenda mwaka wa kwanza wa shule ya kati: anakuja anajua nini, na huko wanadhani anajua nini.

Karatasi hutangulia

Kuna neno utalisikia kila ofisi: nemawashi. Asili yake ni ya watunza bustani. Kabla ya kuhamisha mti, unachimba taratibu kuzunguka mizizi, unaiandaa, ndipo siku ya kuhama mti usishtuke. Warsha nayo ni hivyo hivyo. Uamuzi hautolewi kwenye kikao. Kikao kinathibitisha kile ambacho kila mhusika ameshaambiwa pembeni.

Mimi huanza kwa naibu mkuu wa shule, kyoto sensei. Ndiye anayefika asubuhi kabla ya wote na kufunga milango usiku, na karatasi zote zinapita mikononi mwake. Simwambii "nataka kufanya warsha." Ninampelekea ukurasa mmoja nikimwomba ushauri. Yeye akiona linafaa, atamgusa mkuu wa shule, na mkuu atampigia simu ofisa wa mafunzo wa bodi ya elimu, shido shuji. Huyo wa mwisho ndiye ufunguo, na nitaeleza kwa nini.

Ukurasa huo uwe na jina la warsha, lengo kwa sentensi moja, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali, walengwa, cha kuja nacho, na jina lako. Jina la warsha lishike lugha ya mtaala wa wizara. "Michezo ya kusisimua ya Kiingereza" haipiti. "Shughuli za kusikiliza na kuzungumza zinazotokana na kitabu cha kiada, darasa la tano na la sita" inapita. Ni michezo ile ile. Mwombe Mjapani aisome kabla haijatoka, hata kama Kijapani chako unakiamini.

Sasa ufunguo. Katika mji mmoja niliowahi kufanya kazi, nilichapa matangazo mazuri ya rangi nikayapeleka shuleni kwa baiskeli mwenyewe. Walikuja watu watatu, na wawili kati yao walikuwa ALT rafiki zangu. Sikujua kwamba mwalimu wa shule ya umma hawezi tu kutoka shuleni saa nane mchana kwa sababu ameona tangazo. Barua ikitoka bodi ya elimu kwenda kwa mkuu wa shule, safari yake inaandikwa kuwa ya kikazi. Barua isipokuwepo, inabidi akate saa za likizo yake ya mwaka. Kwa hiyo omba barua mapema, na uombe kwa unyenyekevu, maana huyo ofisa anaandika barua za namna hiyo nyingi kuliko unavyodhani.

Jambo jingine la karatasi limebadilika. Kuanzia 2009 leseni ya ualimu ilikuwa inahuishwa kila baada ya miaka kumi kwa saa 30 za kozi. Mfumo huo ulifutwa Julai 2022, na tangu Aprili 2023 bodi za elimu zinatakiwa kuweka kumbukumbu ya mafunzo ya kila mwalimu. Kwa hiyo toa karatasi yenye tarehe, mada na idadi ya dakika. Cheti chenye ua la dhahabu si lazima. Wanachohitaji ni kitu cha kuingiza kwenye kumbukumbu.

Kuhusu tarehe sina maneno mengi. Aprili usijaribu, maana ndipo walimu wanapohamishwa na nusu ya watu hawajui hata kabati lao liko wapi. Machi ni mahafali na kufunga mwaka. Jumamosi asubuhi walimu wa shule ya kati wako na klabu zao. Wakati mzuri ni likizo ya kiangazi: mwisho wa Julai au siku za mwanzo za Agosti, kabla watu hawajarudi makwao kwa Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wahenga, katikati ya mwezi. Muhula ukiwa unaendelea, uliza shule ni siku gani wanafunzi huondoka mapema.

Kama hujawahi kabisa

Usianze na dakika 90. Tafuta tawi la JALT lililo karibu nawe. Ni chama cha walimu wa lugha Japani, kipo tangu miaka ya 1970, kina matawi sehemu nyingi za nchi na vikundi vya mada maalumu, ikiwemo kufundisha watoto wadogo. Matawi mengi hufanya mikutano wanayoiita "My Share": kila mtu anasimama dakika kumi au kumi na tano, anaonyesha shughuli moja iliyomfaa darasani, anagawa karatasi, anakaa. Hapo utajifunza kukata maneno. Mkutano wao mkubwa wa kitaifa ni wa vuli, watu wanatoka pande zote za nchi, na nauli ya Shinkansen, treni ya mwendo kasi, si ya mchezo. Ile tiketi ya treni ya bei nafuu ya Seishun 18, yaani "ujana 18", ambayo licha ya jina lake haina kikomo cha umri, inauzwa kwa misimu ya likizo za shule tu, kwa hiyo vuli haikusaidii. Warsha za Agosti ndizo unazoweza kuzifikia nayo, ukivumilia treni zinazosimama kila kituo.

Ndani ya chumba

Fika saa moja kabla. Washiriki watafika dakika kumi kabla, watavua viatu na kuvaa ndara za mgeni, watakaa safu za nyuma. Weka viti vichache kuliko meza zinavyoruhusu, na mafungu ya wanne wanne, nyuma pasiwepo. Majina kwenye vitambulisho yawe ya ukoo, na uwaite kwa jina la ukoo ukiongeza sensei. Najua sisi tunapenda kuvunja barafu ya ugeni kwa kuitana majina ya nyumbani. Huku mwalimu mwenye miaka hamsini na mitano ukimwita jina lake la kwanza mbele ya vijana, hatasema neno, na hatarudi.

Anza kwa dakika ile ile iliyoandikwa. Kisha, kabla hujajieleza wewe ni nani, wageuze wanafunzi.

Shughuli ninayofungulia siku hizi ni ya makofi. Ninaandika ubaoni neno "strike". Nawaomba walitamke kama Kijapani cha besiboli: su-to-ra-i-ku. Tupige kofi kwa kila pigo la sauti. Makofi matano. Halafu Kiingereza: kofi moja. Chumba kizima kinacheka, kwa sababu mkono unakataa. Unataka kuendelea. Halafu nawauliza, "Na wafanyakazi wakigoma?" Wanajibu haraka: sutoraiki. Neno lile lile la Kiingereza liliingia Kijapani mara mbili, moja likachukua "ku" ya uwanjani, jingine "ki" ya kiwandani. Nani aliyewafundisha kuongeza irabu mwishoni? Hakuna. Sikio lao ndilo linaloidai.

Hapo ndipo ninapowaambia kwamba lugha yangu inafanya vivyo hivyo. Benki, kilabu, koti: nasi hatuwezi kuliacha neno liishie uchi. Dakika hiyo ina thamani kuliko slaidi zote nilizowahi kutengeneza. Mwalimu aliyekuwa anaona haya ya matamshi yake mbele ya "mzungumzaji" anagundua kwamba aliye mbele yake naye alipanda ngazi hiyo hiyo. Tukiwa watu ambao Kiingereza tulikikuta shuleni, tuna mtaji ambao mwenzetu wa London hana. Usiufiche kwa kujifanya ulizaliwa nacho.

Baada ya kucheka, swali linarudi kwenye kazi: maneno gani katika sura yenu ijayo yana tatizo hili? Ndiyo maana niliwaomba waje na kitabu chao cha kiada. Mwombe ofisa wa bodi nakala ya kitabu wanachotumia, kwa sababu shule za umma za eneo moja hutumia kitabu kile kile kilichochaguliwa kwa pamoja, na eneo la jirani linaweza kuwa na kingine. Warsha isiyogusa kitabu hicho ni burudani.

Sasa kuhusu ukimya. Ukitupa swali kwa chumba kizima, unamwomba mtu ajitokeze mbele ya wenzake na pengine mbele ya mkubwa wake, aseme jambo ambalo huenda si sahihi. Hilo ni gumu kwao, na si kwa sababu hawana la kusema. Kwa hiyo ninakwenda kwa ngazi. Kwanza kila mmoja anaandika peke yake dakika mbili kwenye kikaratasi cha kunata. Kisha anamsomea jirani. Kisha wawili wanaungana na wawili. Mwishoni kila kundi linatoa msemaji, na msemaji anapatikana kwa janken, ule mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi. Nimeona wakuu wa shule wakishindwa janken na kusimama bila ubishi. Msemaji naye hasemi "mimi naona", anasema "katika kundi letu imejitokeza kwamba", na ulimi unafunguka. Hatua hizi nne zinakula dakika kumi na mbili hivi. Usizifupishe.

Ruhusu Kijapani. Kosa ninaloliona kwa wageni wengi ni kutangaza kwamba chumba kizima ni Kiingereza tu. Mbele tumia Kiingereza chepesi, lakini kwenye makundi waachie lugha yao. Wamekuja kufikiri kuhusu kufundisha, na kufikiri kunahitaji lugha unayoimudu.

Katikati kuna kazi halisi: dakika ishirini na tano, kila wawili wanaandika kipande cha dakika kumi cha andalio la somo kwa ukurasa wao wa wiki ijayo. Nani anasema nini, mwalimu wa darasa anasimama wapi, ALT anafanya nini. Ninapita kimya. Mwalimu mmoja wa darasa la tano, mama anayekaribia kustaafu, aliwahi kunionyesha andalio lake ambalo safu ya ALT ilikuwa na neno moja tu: "tabasamu". Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui anaruhusiwa kumwomba nini zaidi. Kutokana na neno lile nilipata warsha nyingine nzima, kuhusu nani aongoze kipindi, na jibu ni yeye.

Kisha mawili matatu yanaonyeshwa mbele. Usiombe wa kujitolea. Siku tatu kabla, mwandikie mmoja barua pepe umuulize kama utamsumbua ukimwomba. Nemawashi tena.

Maliza dakika kumi kabla ya muda, usizidishe hata moja, na utangaze kwamba utabaki unapanga meza. Zile dakika ishirini za kupanga meza ni sehemu ya warsha. Ndizo saa za maswali. Mimi sasa nazipanga kwenye ratiba yangu, na waya wa projekta naukunja polepole makusudi.

Fomu za maoni zitakudanganya

Utapewa karatasi zimejaa "nimejifunza mengi sana." Watu watakuwa wameandika hivyo hata ulipoharibu. Niliacha kuuliza kama warsha ilikuwa nzuri. Ninauliza maswali mawili: utatumia kipi, na kwenye ukurasa upi wa kitabu? Anayeacha ukurasa wazi hatatumia, na sina kinyongo naye.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi wanalikimbia kwa sababu linafanyika kwa Kijapani, nalo ndilo mafunzo bora niliyoyaona nchini humu: jugyo kenkyu. Mwalimu anaandika andalio refu, anafundisha kipindi halisi, wenzake wamesimama ukutani na daftari, kisha wote wanakaa kujadili. Aliyefundisha huanza kuongea, mgeni mshauri hufunga. Ukialikwa, nenda, hata ukielewa nusu. Na ukipewa nafasi ya kusema, zungumzia mtoto uliyemtazama: "yule wa dirishani alinong'ona jibu mara mbili kabla ya kuinua mkono." Usimzungumzie mwalimu. Warsha zangu tatu za mwisho nimezipanga wiki moja kabla ya kipindi cha namna hiyo, ili kile tulichoandika ukumbini kikajaribiwe na watoto.

Fedha na ufagio

Kumbi za umma hukodishwa kwa vipande vya asubuhi, mchana na jioni, na pengine kiyoyozi kinalipiwa kando, kwa hiyo uliza kabla ya Agosti. Taka zenu mnaondoka nazo. Meza zirudi kama mlivyozikuta; piga picha ya chumba ukiingia. Ukikabidhiwa bahasha ya shukrani, usiifungue hapo, na kabla ya siku yenyewe mwulize mwajiri wako kama unaruhusiwa kuipokea. Mwajiriwa wa umma ana masharti yake, na viza yako nayo ina mipaka ya kazi za malipo.

Kesho yake asubuhi, barua pepe ya shukrani kwa naibu mkuu na ofisa wa bodi, pamoja na ripoti ya ukurasa mmoja. Ripoti hiyo ndiyo itakayokuletea barua ya warsha ijayo bila kuomba.

Baada ya mwezi mmoja nawaandikia washiriki wote nikiomba mstari mmoja tu: ulijaribu, ikawaje? Safari iliyopita kati ya ishirini na watatu walijibu saba. Mmoja ni yule mama wa "tabasamu". Amewapigisha watoto wake makofi ya "strike", na ALT wake sasa ana mistari sita kwenye andalio. Nimemwomba mwezi wa nane atoe mada yeye, mimi nishike projekta. Amejibu kwamba atalifikiria, na huku "nitafikiria" kwa kawaida maana yake ni hapana. Lakini juzi kaniandikia tena, kuuliza kama ukumbi ule una soketi karibu na ubao.